Ngozi Chini, Mkanda Juu

Mimi huwa siongei sana. Darasani mwalimu akiuliza swali jibu ninalo, lakini mpaka nimalize kulipanga mdomoni, mwenzangu ameshasimama na kulisema. Nyumbani ni hivyohivyo. Mgeni akija namwamkia, napokea mzigo, natoweka. Mama anasema nilizaliwa nimeshiba maneno. Ndiyo maana jioni naandika.

Haya ni ya likizo ya Desemba, nilipokuwa nimemaliza kidato cha tatu. Yanahusu mikanda ya kufungia gari kwenye tela, kitu ambacho kabla ya hapo sikuwahi kukifikiria hata mara moja.

Tunakaa Iguguno, karibu na barabara kuu iendayo Nzega. Baba alikuwa dereva wa trekta la ushirika. Msimu wa kulima alilima mashamba ya watu, msimu wa kuvuna alibeba magunia ya alizeti. Halafu ruksa ya biashara huria ikaja, wanunuzi binafsi wakaanza kufika na malori yao na mizani zao, wananunua mlangoni kwa mtu, na ushirika ukafa taratibu kama mgonjwa asiye na ndugu. Wafanyakazi walipunguzwa. Wengine walipewa meza na makabati badala ya haki zao. Baba alipewa trekta, ambalo lilikuwa halitembei, na tela lake la bapa. Trekta alilifufua mwenyewe uani kwetu, mama akilalamika kwamba nguo zote anazoshona zinanuka dizeli.

Trekta likawaka, lakini kazi haikuwepo. Wenye pesa ya kulimiwa walikuwa wachache, na mizigo ilibebwa na malori. Rafiki yake mmoja waliyepunguzwa pamoja alikuwa ameshakwenda Mererani kuchimba tanzanaiti. Alituma salamu kwamba kuna nafasi kwenye shimo lao, baba aende haraka. Baba hakukubali wala hakukataa. Alinunua begi la mtumba la kijani, akalisukuma chini ya kitanda. Ndani hakuweka kitu. Mimi ndiye ninayefagia chumba kile, kwa hiyo kila asubuhi nililivuta begi, nikafagia, nikalirudisha, na kila nilipolivuta nililipima kwa mkono kama limeanza kuwa zito. Watu waliokwenda Mererani tuliwajua. Kuna aliyerudi na redio kubwa. Kuna ambaye mke wake bado anauliza kila basi linaloshusha watu.

Aliyemchelewesha baba kuondoka ni tajiri mmoja wa Singida mjini. Madereva humwita tajiri mtu yeyote mwenye gari, lakini huyu alikuwa tajiri kwelikweli. Alinunua magari yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam, vijana wake wakayaendesha mpaka kwetu na kuyapeleka Igunga na Nzega kuyauza. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na mlima Sekenke hauna mzaha. Magari mengine yalilala njiani. Siku moja alikuja nyumbani, akakataa kiti, akasimama akilitazama tela.

"Mzee, hili linabeba gari?"

"Lilikuwa linabeba magunia ya kijiji kizima," baba akasema. "Gari litalishinda nini?"

"Nina moja limelala Sekenke, mguu wa mbele umekatika. Lingine liko Shelui, injini imekufa. Kuvutwa kwa kamba sitaki, watanimalizia gari. Nataka yabebwe kama wagonjwa mpaka gereji yangu mjini."

"Yatabebwa."

"Ukinifikishia yote mawili mazima, kila litakalolala kati ya hapa na Igunga kulibeba ni kazi yako. Ukiniharibia, tusijuane."

Baba alikubali kabla hajawaza atayafunga na nini. Usiku huo alimwambia mama, na mimi nilikuwa naosha vyombo nikisikia: kazi hii ikishika, habaki na sababu ya kwenda Mererani. Isiposhika, anaondoka kabla ya mwaka mpya.

Kamba za katani za magunia hazikufaa. Gunia likikaa limekaa. Gari lina springi, trekta likiingia shimoni gari linainama, linainuka, linajitikisa kama mbwa aliyetoka majini, na kila likijitikisa kamba inapata nafasi. Mnyororo nao ungekwangua kila kitu. Ndipo babu akaleta ngozi.

Babu huyu ni baba wa mama. Ana ng'ombe wa kulimia, na kwake kila kitu kinafungwa kwa ngozi: nira, kitanda, mlango wa zizi. Alikuja na kanda nne za ngozi ya ng'ombe, pana kama kiganja, akatufundisha namna yake. Unaziloweka mpaka ziwe laini kama kitenge. Unafunga zikiwa mbichi, unavuta, unakaza. Halafu unaacha jua na upepo vifanye kazi. Ngozi ikikauka inajivuta yenyewe, inabana kuliko mkono wa mtu yeyote.

"Ikishakauka, hata aliyefunga hafungui," babu akasema. "Anakata kwa kisu."

Na ni kweli. Baba alikwenda Sekenke, akalipakia lile gari la mguu uliokatika kwenye ukingo wa barabara, akalifunga kwa ngozi mbichi, akalala palepale. Kesho yake alipopita Iguguno nilikimbilia barabarani kuangalia. Babu alikuwepo. Alipiga ukanda mmoja kwa kidole, ukalia kama ngoma.

"Umesikia, mke wangu? Umeona mume wako?"

Babu huniita mke wake, kama mababu wote wanavyowaita wajukuu. Wajukuu wenzangu humjibu. Humwita kizee, humwambia meno yake yameenda kuchunga mbuzi, humnyang'anya kofia. Mimi hucheka kidogo na kuangalia chini. Amenilalamikia miaka yote kwamba aliozeshwa bubu.

Baba akaondoka kuelekea mjini. Mchana mvua ya kwanza ya mwaka ikanyesha.

Alirudi kesho yake na tela tupu. Alishuka, akasema nizitundike zile ngozi kwenye kamba ya nguo. Nilizishika. Zilikuwa laini, zimerefuka, zinateleza mkononi, zinanuka mbwa aliyenyeshewa. Wakati wa kula ndipo alipoeleza. Karibu na mjini mvua ilimkuta, ngozi zikalowa, zikaachia. Hakujua mpaka aliposikia kishindo nyuma yake. Gari lilikuwa limerudi nyuma likagonga chuma cha tela. Taa moja ya nyuma ilikuwa vipande.

"Tajiri kasemaje?" mama akauliza.

"Kasema taa ni taa, atanikata kwenye malipo. Lakini lile la Shelui likiguswa hata kioo, basi."

Baba akala matonge kama mawili, akanawa.

"Baba yako asijue," akamwambia mama.

Hilo lilieleweka bila maelezo. Kwetu mkwe hambishii mkwewe. Baba hajawahi kumwambia babu neno "hapana", hata kuhusu hali ya hewa. Babu akisema leo kuna baridi, baba anavaa koti. Na mama akienda kumwambia baba yake kwamba ngozi zimeharibu kazi, babu angejua hayo ni maneno ya mkwe wake yametumwa kwa mdomo wa binti. Ingekuwa vilevile, au mbaya zaidi.

Siku ya mnada baba alinichukua. Alisema mimi nina jicho la mshono kwa sababu humsaidia mama kwenye cherehani. Nadhani pia hakutaka kwenda peke yake. Kulikuwa na muuzaji aliyetandika turubai na kumwaga vitu vya magari: vioo vya pembeni, betri, jeki, na rundo la mikanda ya rangi rangi.

"Karibu mzee! Karibu dada! Mikanda ya ng'ambo hii, imefunga makontena!"

Baba akainua mmoja, mweusi, mwembamba. "Huu umefunga kontena?"

"Kontena kubwa!"

"Huu ni mkanda wa kiti cha gari. Umeukata kwenye gari bovu."

"Sasa mzee, ule si unamzuia mtu asirushwe? Mtu na gari kipi cha maana zaidi?"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, cheko lake la kwanza tangu ile taa. Muuzaji akaona hapa hakuna mjinga, akavuta mfuko mwingine. Humo ndimo ilimokuwa mikanda yenyewe: mipana, minene, ndoano kwenye ncha, na katikati kile chuma chenye meno ambacho unakipeleka mbele na nyuma kama mkono wa pampu, nao mkanda unakaza kidogo kidogo na haurudi.

Tulikaa chini. Baba aliangalia vyuma, mimi niliangalia vitambaa. Alizungusha kila chuma, akasikiliza meno yake, akaweka pembeni vile vilivyoteleza. Ndoano zilizofunguka mdomo alizikataa. Mimi niliupitisha kila mkanda kati ya vidole toka mwanzo hadi mwisho, kama tunavyokagua kitambaa kabla ya kukata. Wenye kingo zilizochanuka manyoya niliweka kushoto. Wenye fundo niliweka kushoto, kwa sababu mahali penye fundo nyuzi zimevunjika hata ukilifungua. Kulikuwa na mmoja mzuri wa machungwa, lakini upande mmoja rangi ilikuwa imepauka, na nilipoukunja ukatoa vumbi kama chaki.

"Huo una nini?" muuzaji akaniuliza. "Mpya kabisa huo!"

Nilitaka kumwambia kwamba jua limeula, kama linavyokula pazia la dirisha la mashariki. Maneno yakakwama. Nikaukunja tena, vumbi likamwangukia kwenye turubai.

"Huyu binti yako haongei, lakini ananifilisi," akamwambia baba.

Tuliondoka na mikanda mitano. Minne ya kufungia, mmoja wa akiba.

Nyumbani baba alitaka kuijaribu kabla ya kwenda Shelui. Jirani yetu ana gari bovu ambalo kuku wake hulala ndani. Baba aliliomba, wakalisukuma mpaka kwenye kile kichuguu walichokisawazisha zamani kwa ajili ya kupakia, wakaliingiza kwenye tela. Baba hakufunga bodi, alifunga matairi. Alisema bodi ndiyo inayocheza, tairi limekaa chini na halina la kucheza. Mkanda ulipita juu ya tairi, ukashuka, ukashikwa na ndoano ubavuni mwa tela. Alikaza mpaka matairi yakabonyea kidogo. Kisha akazunguka njia ya kisimani, ile mbaya kuliko zote, huku kuku wawili ambao hawakuwa na habari wakichungulia dirishani na watoto wakilifuata tela wakipiga kelele kwamba kuku wanasafiri.

Gari halikusogea hata kidogo. Lakini baba alipoinama kufungua, alibaki ameinama vilevile. Mahali mkanda ulipopinda kwenye ukingo wa tela, chuma kilikuwa kimeukwangua. Kwa mzunguko mmoja tu, ukingo wa mkanda ulikuwa umeliwa kama umetafunwa na panya.

Alimpelekea mama. "Huu unashonwa?"

Mama akausogeza kwenye mwanga. "Nguo niliyoshona ikiachia mtu anaona aibu. Huu ukiachia anaona nini?"

Hakungoja jibu. Alichukua mkasi, akaukata mkanda vipande viwili.

"Mama!" nikasema.

"Ungebaki mzima, siku moja angeutumia. Namjua."

Baba hakukataa. Mikanda ikabaki minne, na ukingo wa tela ukabaki palepale. Alijaribu kuukwangua kwa tupa, lakini kile chuma kilikuwa kimelika kwa kubeba mizigo miaka mingi, kina meno kila mahali. Alijaribu kuweka vipande vya gunia chini ya mkanda. Gunia lilichanika kabla hajamaliza kukaza. Matambara ya mama yalitoka yenyewe. Kwenda Shelui na kurudi, pamoja na Sekenke katikati, si sawa na kuzunguka kisima. Na tajiri alikuwa ametuma neno kwamba gari liondoke kesho.

Babu alifika mchana huohuo. Nilimwona kwa mbali anasukuma baiskeli, na nyuma ya baiskeli kulikuwa na mzigo wa ngozi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Mwite mkwe wangu."

Baba akaja, akainama, akaamkia. Babu akafungua mzigo. Zilikuwa kanda mpya, nene maradufu, zimekatwa sawasawa na kusafishwa. Akaeleza kwa Kinyiramba, polepole, kwamba zimetoka kwa dume lake la kulimia, lililoanguka mwezi uliopita. Na dume hilo lilizaliwa na ng'ombe mmojawapo wa mahari ya mama.

"Ulinipa ng'ombe," akamwambia baba. "Nami nakurudishia kwenye kazi yako. Zile za kwanza zilikuwa za kujaribia tu. Hizi hata Sekenke itakupisha."

"Asante, baba," baba akasema.

Nilimtazama usoni. Hakuna kilichoonekana. Babu akaomba karai la maji ili aziloweke mwenyewe zipate kufungwa kesho zikiwa tayari. Baba akaleta karai. Yaani alileta mwenyewe, akalijaza, akalisogeza karibu na kiti cha babu. Halafu akaenda kusimama nyuma ya trekta, mahali asipoonekana. Mawingu yalikuwa yameshajikusanya upande wa Singida.

Mama aliniita ndani. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, lakini hakuwa anashona.

"Mpelekee babu yako uji."

Nikachukua kikombe.

"Na umwambie."

"Nimwambie nini?"

"Unajua. Baba yako hawezi. Mimi siwezi. Wewe ni mke wake, mke humwambia mume chochote."

"Mama, mimi sijawahi..."

"Najua hujawahi. Ukishindwa, kesho atafunga kwa ngozi, maana mkwe amesema. Halafu lile begi hutalikuta tena ukifagia."

Sikujua kwamba mama anajua kuhusu begi na mimi.

Nilitoka na uji. Babu alikuwa ameshaingiza ukanda wa kwanza kwenye maji. Nilimpa kikombe kwa mikono miwili, nikapiga magoti, nikabaki hapohapo. Kwa kawaida ningekuwa nimeshaondoka.

"Mke wangu leo hakimbii," babu akasema. "Kuna nini? Umeona wake wenzio wanakuja?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu mlangoni. Yalitoka tofauti na nilivyoyapanga.

"Mume wangu," nikasema, "ngozi zako zikinyeshewa zinalegea kama wewe ukitoka kilabuni."

Cherehani ambayo haikuwa inashona ilizidi kunyamaza. Nyuma ya trekta spana ilianguka. Babu aliweka kikombe chini. Alinitazama muda mrefu, mdomo wazi. Niliwaza kwamba nimevuka mpaka, kwamba utani nao una siku zake, na hii haikuwa siku yake.

"Bubu ameongea," akasema. Halafu akaanza kucheka, cheko la kukohoa, akajipiga goti. "Miaka yote amenyamaza, kumbe alikuwa ananitungia hili! Nani kakwambia mimi hulegea?"

"Bibi."

"Bibi yako ni mchawi!" Akapangusa macho. Kisha cheko likapungua, akaangalia ukanda uliokuwa majini, ambao ulikuwa umeshaanza kulainika. Akauinua. Ulining'inia. "Zilinyeshewa lini?"

"Siku ile ya mvua ya kwanza. Karibu na mjini. Mimi ndiye niliyezianika. Zilikuwa ndefu kuliko ulivyozileta."

"Gari?"

"Lilirudi nyuma. Taa moja imevunjika. Tajiri amesema la pili likiguswa, hakuna kazi tena. Na kazi isipokuwepo, baba anakwenda Mererani."

Hayo ya mwisho sikuwa nimetumwa kuyasema. Yalifuatana na mengine tu, kama mbuzi wanaofuata mwenzao mlangoni.

Babu aligeuka upande wa trekta.

"Na yeye mbona hakusema?"

"Angesemaje? Wewe ni mkwe wake."

"Ni kweli," akasema. "Ningekuwa mimi, nisingesema." Akaunywa uji wake wote, taratibu. Kisha akasema kwa sauti kubwa, kama anaongea na anga, "Nasikia kuna mikanda ya mnadani. Mzee kama mimi hawezi kuonyeshwa?"

Baba akatokea, akaleta mikanda. Hakuna aliyetaja taa, wala mvua, wala Mererani. Babu aliivuta, akayachezea yale meno, akakubali kwamba Mzungu ana akili kwenye vyuma. Kisha akaona vile vipande viwili mama alivyokata, vimeachwa dirishani. Akapitisha kidole mahali palipoliwa.

"Huu umeliwa na chuma."

"Ndiyo, baba. Ukingo wa tela."

"Hata kamba ya nira huliwa hapohapo, inapopinda kwenye mti. Sisi huwa tunavisha ngozi." Aliangalia zile kanda zake mpya, nene, zilizokatwa sawasawa kutoka kwa dume la mahari. Nilimwona anazipima kwa macho. Najua alikuwa amezikata kwa siku nyingi, maana kuzikata ngozi nene sawasawa namna ile si kazi ya asubuhi moja. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kisu.

"Baba, usikate," baba akasema. Nadhani ni mara ya kwanza kumkataza kitu.

"Nyamaza. Naongea na mke wangu." Akanigeukia. "Ngozi ilale chini, mkanda ulale juu. Ngozi ikilowa, ilowe, kazi yake ni kulaliwa tu. Shika hapa."

Nikashika. Alikata vipande vyenye urefu wa mkono, viwili kwa kila mkanda, akatoboa matundu pembeni, na mimi nikavishona kwa sindano ya magunia vikawa kama mikono ya shati. Mkanda unaingia humo, na pale unapopinda kwenye chuma unakuta ngozi. Kila tulipomaliza mmoja babu aliuvuta na kusema kwamba bubu wake anajua kushona, pengine atamlipia mahari nyingine. Nikamwambia akalipe kwanza deni la tumbaku dukani. Akasema sasa ameelewa kwa nini Mungu alikuwa amenifunga mdomo.

Baba aliondoka alfajiri. Siku hiyo yote sikufanya kitu cha maana. Usiku mvua ilinyesha sana upande wa Sekenke, tuliona radi.

Kesho yake asubuhi, ilipokaribia saa nne, tulisikia trekta. Tulitoka wote, hata babu, ambaye alikuwa amekataa kurudi kwake kwa kisingizio cha baiskeli kuwa na pancha. Mvua ilikuwa bado inanyesha nyembamba. Trekta lilikuja limepakwa matope mpaka kwenye kiti, na nyuma yake gari jeupe la tajiri, limetulia, maji yanachuruzika kwenye vioo.

Baba alisimama bila kuzima injini. Alikuwa amelowa mwili mzima. Alishuka, akazunguka tela kama alivyofanya njia nzima, akishika kila mkanda kwa kiganja. Mmoja wa nyuma akaukaza kidogo, meno mawili. Babu akasogea, akaingiza kidole chini ya mkanda, akaishika ngozi yake. Ilikuwa imelowa, laini kabisa, inabonyea. Mkanda juu yake ulikuwa umekaza kama waya.

"Imelegea," babu akasema.

Baba akamtazama.

"Imelegea," babu akarudia, "na gari halijui." Akapiga bodi mara mbili kwa kiganja, kama anavyowaruhusu ng'ombe. "Nenda."

Baba alirudi usiku. Alikula matonge mengi. Alisema tajiri alilizunguka lile gari mara mbili akitafuta kosa, akakosa, akauliza zile ngozi ni za nini. Baba akamjibu kwamba ni za mkwe wake. Kuna jingine limelala Igunga, tairi na rimu vimekufa pamoja. Ameambiwa akalichukue Jumatatu.

Asubuhi nilipoingia kufagia, begi halikuwa chini ya kitanda. Nikatoka mbio mpaka uani. Baba alikuwa bado amelala, lakini mama alikuwa amelifungua begi kwenye mkeka, na alikuwa anaikunja mikanda ndani yake, mmoja mmoja, mikavu, ngozi zikiwa zimeanikwa pembeni kivulini.

"Hapa jua haliipati," akasema bila kuinua kichwa. "Wala panya. Nenda ukafagie."

Mpaka leo inakaa humo. Baba akirudi safari, mimi ndiye ninayeipitisha vidoleni. Wenye manyoya kwenye kingo, wenye fundo, uliopauka, namwambia baba haufai, na namwambia kwa mdomo. Mama anaukata vipande viwili. Ngozi za dume la mahari bado ni zilezile, na babu kila akija huzihesabu kwanza ndipo anaamkiwa.